Mito ya mchanga Ukambani: Ukame una mlinzi, mafuriko ya ghafla hayana

MNAMO Septemba 8, 2021, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame na nusu kame nchini, na wakazi wake walikuwa wamekwisha kuzoea safari ndefu za kutafuta maji. Siku 87 baadaye, Jumamosi ya Desemba 4, zaidi ya watu 30 walikufa maji katika Kaunti hiyo hiyo ya Kitui.

Walikuwa wanakwaya na waumini wa Kanisa Katoliki kutoka mjini Mwingi, wakielekea harusini upande wa Nuu. Basi lao liliingia katika kivuko cha Mto Enziu wakati maji yalikuwa yakipita juu ya saruji. Lilisonga hatua chache, likayumba, likaegemea upande mmoja, kisha likapinduka na kuzama mbele ya umati uliokuwa umesimama ukingoni. Picha za video zilizopigwa kwa simu zilienea nchini kabla ya jua kutua. Watu zaidi ya 10 waliokolewa, wakiwemo watoto.

Ni rahisi kuuweka mkasa huo katika fungu la ajali za barabarani na kuuacha hapo. Hata hivyo, namna ulivyotokea, mahali ulipotokea na msimu wenyewe vinaonyesha jambo ambalo Ukambani haijalipatia jibu kamili hadi leo. Eneo hili lina mojawapo ya mifumo bora zaidi ya kutoa tahadhari ya ukame barani Afrika. Kwa hatari inayoua kwa dakika tano, halina mfumo unaokaribia huo.

Kila mwezi, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) hutoa taarifa kuhusu hali ya kila kaunti kame. Taarifa hiyo hupima mvua, majani ya malisho, bei ya mbuzi na mahindi, umbali wa kwenda kuteka maji na afya ya watoto. Kisha kaunti huwekwa katika ngazi: hali ya kawaida, tahadhari, hatari, dharura, na baadaye kipindi cha kujikwamua. Afisa wa kilimo mjini Wote au Kitui anajua ngazi ikipanda ni nini kinapaswa kufanywa, hata kama pesa za kukifanya huchelewa.

Ngazi hiyo inawezekana kwa sababu ukame hutembea polepole. Mto wa mchanga haumpi mtu nafasi hiyo.

Msomaji asiyeifahamu mito ya Ukambani anaweza kudhani ni mito kama Tana au Nzoia. Sivyo. Enziu, Tyaa, Thua, Nzeeu, Kalundu, Tiva, Kaiti, Thwake na mingine mingi ni njia pana za mchanga ambazo kwa sehemu kubwa ya mwaka hazina tone la maji juu yake. Watoto huzipita wakienda shule. Ng'ombe hulala humo. Wanawake huchimba visima vya mchanga na kuteka maji kwa kikombe. Mgeni anaweza kuvuka mto mmoja mara tatu kwa siku bila kutambua kwamba amevuka mto.

Mvua ikinyesha kwa nguvu katika vilima vya juu, mambo hubadilika. Udongo mwingi wa Ukambani huwa umekauka na kufanya ganda juu baada ya miezi ya jua. Matone ya kwanza huliziba ganda hilo badala ya kulilainisha, na maji hayapenyi. Huteremka. Vijito vidogo hukutana, korongo hupokea korongo, na yanapofika katika mto mkubwa huwa ni ukuta wa maji ya rangi ya udongo uliotanguliwa na matawi, magogo na taka. Mtu aliye kilomita 20 chini huenda anatazama mbingu zisizo na wingu hata moja.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa. Akili ya binadamu huunganisha mafuriko na mvua inayomlowesha yeye mwenyewe. Katika Ukambani, mvua inayoua mara nyingi imemnyeshea mtu mwingine.

Pia kuna suala la nguvu. Maji yanayofika kwenye kifundo cha mguu huonekana si kitu, lakini wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani hutahadharisha kwamba maji ya kasi yenye kina cha takriban sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kulisukuma gari dogo, na sentimita 60 huweza kuyabeba magari mengi. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, msukumo wake huongezeka mara nne. Basi ni zito, ni kweli, lakini ubavu wake ni kama ukuta. Maji yakiusukuma huku yakiliinua kutoka chini, magurudumu hupoteza mshiko kabla ya injini kuzimika. Aidha, maji yenye matope humficha dereva kitu muhimu kuliko vyote, yaani iwapo saruji iliyo chini yake bado ipo. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Katika kivuko cha mto wa mchanga, hata aliyeyafika wiki iliyopita hajui, kwa kuwa mto huchimba na kujaza upya kila unaposhuka.

Mfano unaofaa kwa hatari ya aina hii unapatikana mbali sana na Ukambani, katika milima ya theluji. Huko Uswisi, Ufaransa, Austria na Marekani, watu hufa kila majira ya baridi kwa kufukiwa na maporomoko ya theluji. Theluji mpya hurundikana juu ya tabaka dhaifu kwenye mteremko, mara nyingi wa kati ya nyuzi 30 na 45, ikakaa kimya kwa siku kadhaa, kisha mtu mmoja anapopita mteremko mzima unavunjika. Sawa na mto wa mchanga, mahali penyewe hupendeza na kuonekana salama hadi dakika ya mwisho. Sawa na mto, aliyetangulia na kupita salama humfanya anayefuata aamini kwamba njia ni nzuri.

Nchi za Ulaya ziliafikiana mwaka wa 1993 kutumia kipimo kimoja chenye ngazi tano kueleza hatari hiyo, kuanzia ndogo hadi kubwa mno. Katika majira ya theluji taarifa hutolewa kila siku na kutaja ni miteremko gani, ya upande gani na ya urefu gani iliyo hatari. Haimwambii mtu kwamba "theluji nyingi inatarajiwa nchini." Inamwambia kuhusu mlima alio chini yake.

Lakini jambo la maana zaidi lililogunduliwa huko halihusu theluji. Linahusu watu. Mtafiti Mmarekani Ian McCammon, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2004, alipitia ajali 715 za maporomoko ya theluji nchini Marekani. Alitaka kujua ni kwa nini watu wenye mafunzo, waliokuwa wakiona dalili za hatari kwa macho yao, waliendelea mbele. Alikuta kwamba walipumbazwa na mambo ya kawaida kabisa: mahali palikuwa pamezoeleka, watu wengine walikuwa wamepita au walikuwepo wakitazama, na kundi lilikuwa limejifunga kufika lilikokusudia.

Mambo hayo matatu yanaweza kusomwa moja kwa moja ukingoni mwa mto wowote wa Kitui au Makueni katika mwezi wa Novemba au Desemba.

Kuzoeleka ni la kwanza. Dereva ambaye amepita kivukoni mara 200 pakiwa pakavu, na mara 10 pakiwa na maji machache, ana ushahidi mara 210 kwamba panapitika. Ushahidi huo haumwambii lolote kuhusu mara ya 211.

La pili ni umati. Mto ukishuka, watu hutoka majumbani kwenda kuutazama, na si kwa upumbavu. Katika nchi yenye kiu, kushuka kwa mto ni habari njema. Mafuriko hayo hayo yanayoua ndiyo yanayojaza mchanga maji ambayo mama atayateka mwezi wa Agosti. Mabwawa ya mchanga, ambayo yamejengwa kwa mamia huko Kitui tangu miaka ya tisini kwa juhudi za shirika la SASOL pamoja na wanakijiji, yanategemea mafuriko hayo: ukuta wa mawe na saruji huzuia mchanga, na mchanga uliojaa huweza kuhifadhi maji ya hadi takriban theluthi moja ya ujazo wake, mbali na jua na mbu. Kwa hiyo ukingo wa mto uliofurika huwa na hali ya sherehe kidogo. Dereva anayefika akakuta watu 100 wamesimama, wengine wakimpungia mkono aje na wengine wakimwashiria arudi, huchukua ishara anayoitaka.

La tatu ni kujifunga kufika. Arusi haiahirishwi kwa sababu ya mto. Maziko pia. Mgonjwa anayepelekwa hospitalini, mtahiniwa wa KCSE, mfanyabiashara aliyebeba maembe yanayooza, wote wana saa inayowakimbiza. Na kalenda ya Ukambani imepanga mambo vibaya. Mvua za vuli, za kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima wa Kitui na Makueni kuliko zile za Machi hadi Mei. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya mitihani ya kitaifa, na Desemba ndio mwezi ambao wenyeji wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani na magari yao, wakiikumbuka mito kama ilivyokuwa mwaka uliopita.

Kwa hiyo msemo kwamba ajali haina kinga, unaorudiwa mazikoni baada ya kila mkasa wa aina hii, unapaswa kutiliwa shaka. Ajali ambayo msimu wake unajulikana, mahali pake panajulikana, na mwenendo wa watu wake unajulikana, ina kinga nyingi tu. Kisichojulikana ni nani aliyepewa kazi ya kuiweka.

Kenya imepata ushahidi zaidi tangu 2021. Wakati wa mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, barabara nyingi za mashambani Ukambani zilikatika. Watafiti wa World Weather Attribution walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yalizifanya mvua hizo za Afrika Mashariki kuwa nzito hadi mara mbili. Mnamo Aprili 9, 2024, basi lenye abiria 51 lilisombwa eneo la Tula kwenye barabara ya Garissa, na kwa bahati wote wakaokolewa. Baadaye mwezi huo lori lililobeba watu lilisombwa katika mto wa Kwa Muswii, Kaunti ya Makueni, na video yake ikawarudishia wengi kumbukumbu ya Enziu. Wiki hiyo hiyo, usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalifumuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Kufikia katikati ya Mei, karibu watu 300 walikuwa wamekufa kote nchini kutokana na mafuriko.

Katika mikasa hiyo, tahadhari ya jumla ilikuwepo. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mvua kubwa, na haifai kulaumiwa kwa kunyamaza. Tatizo ni kwamba tangazo la "mvua kubwa maeneo ya nyanda za kusini mashariki" halimfikii dereva aliye kivukoni likiwa na maana yoyote. Yeye anahitaji kujua jambo moja tu: je, kule juu mto umeshashuka?

Na jambo hilo linajulikana. Kuna mtu anayeliona. Mwenye duka aliye kwenye mkondo wa juu, chifu msaidizi, mwendesha bodaboda aliyekwama upande wa pili, wote wanaona maji dakika 30 au saa mbili kabla hayajafika chini. Wote wana simu. Musyi FM na Mbaitu FM husikilizwa katika karibu kila matatu ya Ukambani. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuzifunga kamba hizo pamoja: nani anampigia nani, na anayepigiwa ana uwezo gani.

Neno uwezo ndilo zito hapa. Chifu akisimama ukingoni na kumwambia dereva wa basi asivuke, dereva anaweza kumsikiliza au kumpuuza. Hakuna kizuizi cha chuma cha kufunga, hakuna nguzo yenye alama nyekundu inayoonyesha kina kilichopita kiasi, hakuna faini inayojulikana na kila mtu. Nguzo za kupimia kina, zilizopakwa rangi na kusimikwa pande zote mbili za kivuko, zinagharimu sehemu ndogo sana ya bei ya daraja. Zingemwondolea dereva ubishi na abiria wake, maana abiria ndio mara nyingi humsukuma avuke. Haijulikani vyema nje ya sekta hiyo, lakini madereva wengi wa mashambani hulipwa kwa safari, si kwa siku. Anayesubiri saa tano maji yapungue amepoteza kipato. Kumwambia mtu kama huyo awe mwangalifu ni kumwomba alipe gharama ya usalama wa wote peke yake.

Kila baada ya mkasa, sauti ya kwanza huwa ya kudai daraja. Dai hilo ni la haki, na Enziu ilistahili daraja miaka mingi kabla ya 2021. Ila haliwezi kuwa jibu pekee. Vivuko vya aina hiyo Ukambani ni vingi mno, na vilijengwa chini kwa makusudi ili maji yapite juu yake na mchanga usizibe. Kivuko cha chini kinachofungwa kwa wakati ni salama kuliko daraja lililojengwa vibaya na kuliwa nguzo zake na mto.

Na mito inakula nguzo kweli. Uchimbaji wa mchanga kwa ajili ya ujenzi wa majumba ya Nairobi umeshusha sakafu ya mito mingi ya Makueni, Machakos na Kitui. Mchanga ukiondolewa, maji hupata kasi, huchimba chini ya misingi ya vivuko na kubomoa kingo. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga mwaka wa 2015 na kuunda mamlaka ya kuisimamia, hatua ambayo kaunti jirani zimeitazama kwa muda mrefu bila kuiiga ipasavyo. Watu wengi huichukulia sheria hiyo kama ya kulinda maji ya kunywa. Ni ya usalama barabarani pia.

Huko juu zaidi, kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu, kuna matuta yaliyochimbwa kwa jembe na vizazi kadhaa, mengi kwa mtindo maarufu wa fanya juu, ambapo udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro. Kila tuta lililotunzwa huchelewesha maji kidogo. Kila lililobomoka huyaachia. Mkulima wa Kilungu na dereva wa kivuko cha chini hawajawahi kuonana, lakini wa kwanza ana sehemu katika dakika alizonazo wa pili.

Linabaki suala la uokoaji, na hapa theluji inafundisha tena. Aliyefukiwa na theluji akitolewa ndani ya dakika 10 au 15 ana nafasi nzuri ya kuishi. Baada ya hapo nafasi hiyo hushuka kwa kasi. Ndiyo maana wanaopanda milima hiyo hubeba wenyewe sepetu na vifaa vya kutafutana, kwa kuwa helikopta itafika ikiwa imechelewa. Katika basi lililojaa maji muda ni mfupi zaidi. Wapiga mbizi wa serikali walipofika Enziu kazi yao kubwa ilikuwa kutafuta miili. Walionusurika walitolewa na watu waliokuwa karibu, walioingia majini bila jaketi wala kamba ya maana. Kuweka kamba ndefu, maboya machache na vijana waliofunzwa katika vivuko vinavyojulikana kwa hatari si jambo linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Je, nani alipie? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa na serikali za kaunti, zote mbili, jukumu la kukabiliana na majanga. Barabara nazo zimegawanywa kati ya mamlaka za kitaifa na kaunti, na mvutano kuhusu zipi ni za nani haujaisha: magavana na wabunge walifikishana mahakamani kwa sababu ya Sh10.5 bilioni za ushuru wa kutunza barabara. Wakati mvutano huo ukiendelea, kivuko kilicho katika barabara inayobishaniwa hakina mwenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuwa na hazina ya dharura isiyozidi asilimia mbili ya mapato yake. Pesa hizo kwa kawaida hutumiwa baada ya janga, kununua chakula, mahema na majeneza. Nguzo za vipimo, vizuizi na kamba havihesabiwi kuwa dharura kwa sababu vinahitajika kabla ya lolote kutokea, na kwa hiyo hubidi viingizwe katika bajeti ya kawaida ya idara ya barabara, ambayo hupitishwa Juni. Mvua za vuli huanza Oktoba. Kaunti itakayotaka vivuko vyake viwe na mtu wa kuvifunga msimu ujao ina muda huo katikati kuorodhesha vivuko, kumtaja kwa jina na cheo afisa wa kila kimoja, na kumpa amri ya maandishi kwamba maji yakifika kwenye alama, basi halipiti, hata likiwa limembeba bwana harusi mwenyewe.